Kabla Jiwe Halijawa Jiwe

Binti yangu Maimuna,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ukumbini. Alasiri tumeshaswali, na wewe nakusikia jikoni unacheka na shangazi zako. Mama yako ameshakueleza habari ya sweta, habari ya kula, habari ya kutotembea peke yako giza likiingia. Nimesikiliza yote nikaona hajasaza kitu, kwa hivyo hayo siyarudii. Kesho kituoni na garini watu watakuwa wengi na hatutaweza kusemezana, na wewe wanijua, nikizidiwa hugeuza maneno yakawa mzaha. Ndiyo maana nimeomba karatasi.

Nataka kukueleza ile habari yetu, mimi nawe, tangu ilipoanza. Waijua, maana ulikuwamo, lakini waijua kwa upande wako. Nataka uondoke nayo kwa upande wangu pia.

Mwaka ule chuo kikuu kilipofungwa kwa amri ya serikali na nyinyi wanafunzi mkarudishwa makwenu, uliingia hapa na sanduku moja na vitabu vimefungwa kwa kamba. Ulitakiwa uende kwa chifu mara kwa mara ukatie sahihi kwamba upo. Mimi nikikusindikiza, nawe ukitembea mbele yangu hatua mbili tatu, umekasirika, kwa sababu hukuwa na kosa lolote ila kuwa mwanafunzi. Miezi ikawa inapita. Ulipochoka kukaa bure ukatandika majamvi uani ukaanza kuwafundisha hesabu wasichana wa mtaa. Mwanzo walikuja wawili watatu, baadaye ua ukajaa hata mama yako akakosa pa kuanika nguo. Nikirudi tanurini, mwili mweupe kwa vumbi la chokaa, nilikuwa nikisimama nje ya mlango kabla ya kuingia ili niwasikie. Sikuwahi kukwambia kwamba nilikuwa nikisimama pale. Nilikuwa nasikia raha.

Jioni moja tuko kwenye chakula, bibi yako akiwa hai bado, Mungu amrehemu. Ukasema, "Baba, wajua kwamba hapo mwanzo ulimwengu wote ulikuwa moto kuliko tanuri lako?"

Nikakujibu, "Tanuri langu usilichezee."

Bibi akacheka, na wewe ukaendelea. Ukasema kila tukionacho, bahari na nchi na nyota, kilikuwa kimebanana pamoja, kwa joto ambalo hakuna jiwe lingeweza kuwa jiwe wala maji kuwa maji. Kisha ulimwengu ukatanuka, ukapoa, na vitu vikaanza kushikana kimoja kimoja. Ulikuwa ukisema na mikono, tonge umelisahau kwenye sinia.

Bibi akauliza, "Na Mungu wakati huo alikuwa wapi?"

Ukamjibu kwa adabu, "Bibi, hilo sikupewa kulipima. Mimi nimepewa kupima joto tu."

Akakutazama kidogo, akasema, "Haya, lipime vizuri," akaendelea kula.

Mambo yangeishia hapo. Yeye aliyekuwa mkubwa wetu hakuona tatizo. Lakini kesho yake uliwaeleza wasichana habari ile ile, nadhani ulikuwa ukitaka kuwaonyesha namna ya kuandika tarakimu kubwa. Msichana mmoja akaipeleka kwao, kwao wakaipeleka kwa jirani, na kila ilipopita mlangoni ilitoka na neno jipya. Ilipofika Ijumaa ilikuwa imeshakuwa kwamba binti wa Bakari anawafundisha watoto kuwa ulimwengu umejiumba wenyewe.

Mimi niliipata kwa ami yako Swaleh, pale kwenye ngazi za msikiti, watu wakiwa wanavaa viatu. "Bakari," akaniambia, bila kupunguza sauti, "mwanao anawatia watoto wa watu ukafirini, nawe uko kimya. Au na wewe ndivyo uaminivyo?"

Mai, hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Mimi nilikuwapo kwenye kile chakula. Nilikusikia kwa masikio yangu. Nilijua kwamba hukusema neno lile. Ningemjibu ndugu yangu palepale, tena kwa maneno machache tu: hakusema hivyo, nilikuwapo. Lakini watu walikuwa wakinitazama, uso wangu ukawaka, na nikasahau nilichokisikia mwenyewe nikashika walichokisikia wao. Nimefikiri sana juu ya jambo hili tangu siku ile. Sikuwa nimedanganywa na mtu. Niliona haya tu, na haya ikaninyang'anya masikio.

Nikaja nyumbani nikakwambia, "Utakwenda kwa wazazi wa hao wasichana, nyumba kwa nyumba, ukaombe radhi."

Ukaniuliza, "Niombe radhi kwa kusema nini, Baba?"

"Kwa hilo ulilolisema."

"Nililolisema ni lipi?"

Nikasema, "Mimi ni baba yako."

Ukaenda ukavaa buibui lako ukatoka. Mama yako alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Umemtuma mtoto akakubebee aibu yako." Nikamwambia aniache. Akaniacha, siku nyingi.

Uliporudi hukusema ulikopita wala ulichoambiwa. Uliyakunja majamvi ukayasimamisha ukutani. Kesho yake hakuja msichana hata mmoja, na mama yako akafunga kamba zake za nguo uani kama zamani.

Hukunigombeza. Laiti ungenigombeza. Kila asubuhi "Shikamoo, Baba," na chai yangu tayari, na shati langu limepigwa pasi. Lakini kwenye chakula hukufungua tena kinywa kusema juu ya unachokisoma. Nikikuuliza, "Masomo vipi?" wajibu, "Mazuri, Baba." Chuo kikafunguliwa, ukaenda zako, na barua zako zikawa zinakuja zimejaa salamu za fulani na fulani, na ndani yake wewe humo. Ukija likizo ni yale yale. Watu walikuwa wakinisifu kwamba nina binti mtulivu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nikagundua kwamba sikukitaka.

Kuna jambo moja hulijui, na nimepima kama nikwambie au nisikwambie. Bibi yako alipokuwa mgonjwa ule ugonjwa wa mwisho, na wewe uko Nairobi kwenye mitihani, nilikuwa nimekaa kitandani kwake nampepea. Akaniuliza, "Yule aliyekuwa akipima joto, amefikia wapi?" Nikamwambia yuko shuleni, hajambo. Akasema, "Sikuuliza hajambo. Nauliza amefikia wapi." Nilikuwa sijui, Mai. Nilimwambia ngoja nitauliza, na sikuwahi kukuuliza kabla hajafa. Sikuandikii hili ili ulie. Nakuandikia ujue kwamba alikuwa nawe kwenye fikira zake, na alitaka kujua mahali hasa, si salamu tu.

Baada ya kumzika nilikuwa kila siku najiambia leo nitamwandikia, leo nitamwandikia. Sikuandika. Hata ukamaliza digrii yako ukarudi nyumbani, na mama yako akakutuma siku ile utuletee chakula cha mchana tanurini, sijui kama alikutuma kwa sababu ya chakula.

Tulikuwa tumechoma siku iliyotangulia. Kuni zilikuwa zimeungua zikaisha na tanuri limeshajiangukia, yale mawe ya matumbawe yamekuwa meupe kama unga, na tunangoja lipoe ndipo tulinyunyizie maji. Tulikuwa wawili, mimi na Kazungu mwenzangu, ambaye tumechoma chokaa pamoja tangu sote hatujaoa. Ukafunua sahani, samaki na ugali, ukakaa pembeni ukitazama barabara. Nikakwambia, "Mai, hebu nieleze lile joto."

Ukageuka. "Joto lipi, Baba?"

"Lile ulilokuwa ukimweleza bibi yako."

Nilidhani utanijibu kama unavyonijibu siku zote. Badala yake ukaokota kipande cha tumbawe ambacho hakijachomwa, ukakitia mkononi mwangu, ukaanza. Nitakuandikia nilivyofahamu. Nikikosea, utanisahihisha.

Ulisema kazi ya joto ni kuachanisha. Kila kitu kimefungwa na fundo lake, na kila fundo lina joto lake la kulifungua. Barafu hufunguka kwa joto dogo. Jiwe hili la Kazungu lina hewa iliyofungwa ndani, na moto wa kuni watosha kuifungua, ndiyo maana gunia anarudi nalo jepesi kuliko mawe aliyoyaleta. Lakini ukizidisha moto, zaidi ya kuni zote za mikoko ya pwani hii, atomu nazo huachana na zile elektroni zao. Ukizidisha tena, kiini cha atomu hupasuka, zikabaki protoni na nyutroni. Na watu walidhani mambo yamekwisha hapo. Kumbe protoni nayo ina vitu ndani yake, mwaviita kwaki, na vitu hivyo ni vya ajabu kwa kuwa hakuna mtu aliyepata kukiona kimoja peke yake. Ukikivuta, nguvu inayokirudisha kwa wenzake haipungui, na ukizidi kuvuta unaishia kuzaa vingine vipya, kikafungamana navyo. Huwezi kukitoa nje. Isipokuwa mahali pamoja: pakiwa na joto kubwa mno na vitu vimebanana mno, hata protoni zikapandana na mipaka yao ikapotea. Hapo kwaki huwa huru, zikaogelea pamoja kama kwenye supu.

"Na hivyo ndivyo ilivyokuwa?" nikauliza.

"Hivyo ndivyo tunavyodhani ilivyokuwa, mwanzoni kabisa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kila kitu kilichopo, Baba. Hili jiwe, na samaki huyo, na sisi. Halafu ikapoa, kwaki zikafungana tatu tatu zikawa protoni na nyutroni, na hazijafunguka tena. Baada ya dakika chache vikashikana viini vidogo. Atomu zenyewe zilikuja baadaye sana, maelfu na maelfu ya miaka, ndipo mwanga ukapata njia ya kupita."

Kazungu alikuwa ameacha kula. "Na mnazi?"

"Mnazi bado sana, Ami Kazungu."

"Basi walikuwa na shida," akasema, na wewe ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka mbele yangu tangu nilipokutuma kwa watu.

Nikakuuliza nani alikuwapo akaona. Ukasema hakuna, lakini lile joto halikuisha lote. Mabaki yake yameenea mbingu nzima mpaka hivi leo, yamepoa mno, na watu wanayapokea kwa antena. Ukasema kwamba huko Ulaya wameanza kuchukua viini vya atomu na kuvirusha kwa kasi kubwa vikagongane na vingine vizito, wakitumai kupata tone la ile supu, dogo kiasi ambacho hata chembe ya vumbi la chokaa ni mlima mbele yake, na likatoweka papo hapo. Nikasema, "Likipotea upesi hivyo, utajuaje kwamba lilikuwako?" Ukasema, "Kwa vitakavyoruka nje likishapoa. Mtu akae apige hesabu: kama supu ilikuwako, vitoke hivi; kama haikuwako, vitoke vile. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisoma."

Nikauliza nililokuwa nikiliogopa tangu ule mwaka. "Na kabla ya hapo, Mai? Kabla ya mwanzo huo?"

"Sijui, Baba."

"Na hao wakubwa zenu?"

"Hawajui nao. Wako wanaobahatisha. Akija mtu kukwambia anajua, muulize amepima kwa kitu gani."

Nilisimama nikasema nakwenda kutazama tanuri. Tanuri halikuwa na haja ya kutazamwa. Nilisimama upande wa pili ambako hamnioni, mpaka nilipoweza kurudi. Nilikuwa nimekutuma ukaombe radhi kwa kudai unajua, na kumbe katika mtaa mzima ni wewe peke yako uliyekuwa ukisema hujui.

Nikarudi nikakwambia, "Mwanangu, nilikukosea."

Ukasema, "Kula, Baba. Samaki anapoa."

Sikujua kama umenisamehe au umenihurumia. Sijui mpaka leo, na sikuulizi. Lakini jioni ile nilipokuwa nikioga niliona kwamba maneno yale nimeyasema mbele ya Kazungu na tanuri, na ule ubaya niliufanya mbele ya mtaa. Basi nikazipita zile nyumba mwenyewe. Hili unalijua kwa kusikia tu, maana nilikukataza usije. Kila mlango nilisema yale yale: nilimtuma binti yangu aombe radhi kwa neno ambalo hakulisema, nami nilijua hakulisema. Wengine walinipa kahawa. Wengine walinisikiliza mlango ukiwa nusu. Bi Khadija, mama yao Zena na Rehema, alinijibu, "Mimi nilijua hata siku ile. Lakini baba mtu ndiye aliyemtuma. Ningesema nini mimi?"

Jibu hilo lilinikata kuliko maneno yote ya Swaleh. Kumbe walikuwako watu waliokuwa tayari kukuamini, na mimi ndiye niliyewaziba midomo.

Halafu nikaenda kwa Ustadh Omari, kwenye chuo chake cha Kurani, nikamwomba aje nyumbani akusikilize mbele ya wazazi. Nilikuwa naogopa. Nilifikiri akikukataa yeye, basi tena. Siku yenyewe wewe waikumbuka: ua umejaa, kina mama upande wa jikoni, wanaume upande wa mlango, na Swaleh amekaa karibu na njia kama mtu anayetaka kuondoka. Nawe umesimama na kipande cha chaki, umeugeuza mlango wa jikoni kuwa ubao.

Ustadh alikuacha umalize. Akauliza, "Binti, kabla ya joto hilo palikuwa na nini?"

"Sijui, Ustadh."

"Na kwa nini likawako?"

"Hilo si somo langu. Nikilijibu nitakuwa nawadanganya."

Akauliza swali ambalo sikulitazamia. "Basi nionyeshe unachokijua. Umejuaje kwamba palikuwa moto, pasiwe baridi?"

Ukamweleza habari ya mabaki ya joto lililoenea mbinguni. Ukaongeza habari ya zile hewa nyepesi mbili ambazo nyota nyingi zimejaa hizo, haidrojeni na heliamu, na kwamba ukipiga hesabu ya ulimwengu uliokuwa moto ukapoa, unapata karibu kiasi kile kile cha heliamu wanachokiona wenye kupima. Uliandika mpaka chini ya mlango, hata ukapiga magoti. Ustadh alikuwa ameinama anafuata na kidole. Mwisho akajinyoosha mgongo akasema, "Nusu yake sikuifahamu. Lakini sikuona mahali aliposema uongo."

Swaleh aliondoka bila kunywa kahawa, na hadi leo ananisalimu kwa ncha ya meno. Siwezi kukwambia kwamba kila kitu kilirudi mahali pake. Zena na Rehema walirudi kwenye majamvi, na wengine kidogo. Wengine wazazi wao walikataa. Na wako ambao ile miaka iliyopita katikati ilikuwa imetosha: walikuwa wameolewa, mmoja amebeba mtoto mgongoni, ananisalimu njiani kwa heshima na hajui kwamba ananiumiza. Yule aliyekuwa akikushinda kwa kugawanya kwa kichwa, unamkumbuka, ninakutana naye sokoni. Hiyo ni hasara niliyoitia mimi na sina namna ya kuirudisha. Nakwambia kwa sababu hukuwahi kuitaja, na nisingependa ufikiri kwamba siioni.

Sasa unakwenda huko Ulaya, kwa wenyewe wanaoipika hiyo supu. Nilipoisoma barua ya kukukubali, au tuseme uliponisomea, nilijifanya nakohoa. Mama yako alilia kwa niaba yetu sote wawili.

Sina mengi ya kukuambia juu ya huko, kwani sijafika. Mwisho wa safari zangu ni Mombasa. Nilipokuwa kijana nilikwenda kule kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Siku ya kwanza msimamizi alinionyesha mtambo mara moja, kwa haraka, kwa Kiswahili cha bara ambacho nusu yake sikuikamata. Akauliza, "Umeelewa?" Wenzangu wote walikuwa wakitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Baada ya siku chache niliuharibu ule mtambo, nikafukuzwa. Nilipofika nyumbani nikamwambia marehemu baba yangu kwamba vumbi la kule limenipata kifuani. Akasema pole, akanipa kazi kwenye tanuri lake. Na maisha yake yote yaliyobaki, kila upepo wa kusi ukianza, yule mzee alikuwa akinichemshia tangawizi kwa ajili ya kifua changu. Alikufa akiamini nina kifua kibaya. Nimekunywa tangawizi miaka mingi, Mai, na kila kikombe nilikuwa nikikionea haya.

Kwa hivyo, huko kukiwa kugumu, tuandikie kwamba ni kugumu. Ukiwa umekaa peke yako kwenye darasa la watu wanaosema upesi, na wewe ndiye mwenye mtandio kichwani, na wakauliza kama umeelewa, fanya utakavyoona, mimi sitakuwapo. Lakini mimi na mama yako usitutie katika kuchemsha dawa ya ugonjwa ambao huna. Ukichoka tuambie umechoka. Mambo yakikushinda, rudi, na mlangoni hatutakuuliza neno mpaka umekula. Nikisikia mtu anakuuliza kabla yangu, huyo atakuwa na kesi na mimi.

Na ukiandika, usituandikie salamu tupu. Tuandikie umefikia wapi. Hata kama hatutafahamu. Nitampelekea Ustadh, yeye ameshaniuliza kama barua zitakuwa na hesabu ndani.

Nimesikia mmezima jiko, kwa hivyo nitafupisha. Ila kuna moja la leo asubuhi.

Nilikwenda kumwambia Kazungu kwamba kesho sitakuja kazini, nakusindikiza hadi Mombasa. Alikuwa anapanga kuni. Akaniuliza, "Hivyo huyu mtoto anakwenda kusoma nini hasa? Siku ile nilisikiliza, lakini nilikuwa na njaa." Nikakaa juu ya gogo nikamweleza mwenyewe, kwa maneno yangu, tangu supu ya kwaki mpaka atomu. Nilikwama mara mbili nikarudi nyuma. Hakuna aliyenisaidia. Nilipomaliza Kazungu aliendelea kupanga kuni zake, akapanga, akapanga, kisha akasimama.

"Bakari," akasema, "mwanao asema vyote vilikuwa vimeyeyuka pamoja, sawasawa, kila mahali."

"Ndivyo."

"Kitu kikiyeyuka sawasawa, kikapoa, kinapoa sawasawa. Chokaa nzuri haina madonge. Sasa mbona huku pana bahari na huku pana nchi kavu? Mbona nyota iko pale, na kando yake patupu? Hayo madonge yametoka wapi?"

Nimelifikiria swali hilo mchana kutwa, hata mama yako ameniuliza mara mbili kama naumwa. Sijui kama ni swali la kipumbavu au ni swali zuri. Wewe utajua. Ukishafika, ukapata chumba, ukalala ukaamka, waulize wenyeji wako. Kazungu amesema hana haraka, lakini anataka jibu.

Mungu akulinde uendako na akupe watu wa kukusikiliza.

Baba yako,
Bakari